Maua ya Ndani ya Nyumba na Hewa Tunayoivuta

   



Somo letu hili limetokana na tukio. Ramadhani ya mwaka 1445, yaani mwaka 2024, ilituangukia ndani ya masika. Katika nyumba moja ya wanafunzi wetu, mama alibandika maharage ya daku juu ya jiko la mkaa, kama afanyavyo siku zote, ili yaive taratibu kwa makaa usiku. Kwa kawaida jiko lake hukaa uani. Usiku ule mvua ilikuwa kubwa, akaliingiza ukumbini. Madirisha yalifungwa kwa sababu ya manyunyu, na mlango ukafungwa kama kawaida. Watu wakalala.

Waamsha daku walipita na ngoma zao, na nyumba ile haikuwasha taa. Bibi yao, ambaye hulala katika banda la nyuma, ndiye aliyeona si kawaida, akaja kugonga. Mlango ulipofunguliwa, mama alikuwa anayumba na kichwa kinampasuka, mtoto mdogo anatapika, na wale ndugu wawili tunaowasomesha hawakuweza kusimama. Walipelekwa hospitali wakawekewa oksijeni, na Alhamdulillah wote walirudi nyumbani wazima.

Tulipokwenda kuwajulia hali, mama yule alituambia neno ambalo hatujalisahau. Alisema, "Maalim, mimi sikuwa na wasiwasi wa moshi. Makaa yalikuwa yameshashika, hayatoi moshi. Na ndani mna maua, wanangu wamenambia maua yanasafisha hewa." Tukatazama, na kweli ukumbini mlikuwa na vyungu sita vya maua, majani yake mabichi yanang'aa.

Wanangu wamenambia. Na wale watoto walisikia wapi? Walisikia kwetu. Katika darasa letu la sayansi tulipata kusema, tena kwa msisitizo, kwamba mche ndani ya chumba husafisha hewa, na kila mmoja aweke chungu kimoja kando ya kitanda chake. Kosa tulilolisema mbele ya watu linatupasa tulirekebishe mbele ya watu, ndiyo maana tumeomba nafasi katika jarida hili. Mwenyezi Mungu (S.W.) katika Suratul Hujurat, aya ya 6, ametuamrisha tuipambanue habari inapotufikia kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Sisi hatukuipambanua. Sasa tuipambanue pamoja.

MCHE HUFANYA NINI NA HEWA

Jani lina vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na katika mimea mingi vilivyo vingi huwa upande wa chini. Kwa vitundu hivyo mche huingiza hewa ya ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, ile tunayoitoa sisi tunapopumua. Maji hupanda kutoka mizizini. Jani likipata mwanga hutumia viwili hivyo kutengeneza chakula cha mche, na oksijeni hutoka nje kuwa ni ziada. Kazi hiyo ndiyo iitwayo usanisinuru katika vitabu vya skuli.

Watu hawakulijua jambo hili kwa siku moja. Mwaka 1771 Mwingereza Joseph Priestley alichukua chombo cha kioo kilichofungwa, mkiwa na hewa ambayo mshumaa umewaka ndani yake mpaka ukazimika wenyewe, akaingiza humo kichipukizi cha nanaa. Baada ya siku kadhaa akakuta mshumaa unaweza kuwaka tena katika hewa ile ile. Mwaka 1779 tabibu wa Kiholanzi aitwaye Jan Ingenhousz akaonyesha kwamba majani hufanya hivyo yakiwa mwangani tu. Gizani mche nao hupumua kama tupumuavyo sisi, ukavuta oksijeni na kutoa hewa ya ukaa.

Zingatieni mambo mawili katika habari hiyo, maana ndiyo msingi wa somo. Nanaa ya Priestley ilihitaji siku, haikuhitaji dakika, na hali chombo chenyewe kilikuwa kidogo na mshumaa umeshazimwa. Na Ingenhousz ametujulisha kwamba usiku mche hausafishi kitu. Sasa rudini kwenye ukumbi wa yule mama. Ulikuwa usiku, na moto haukuzimwa.

Hapa tuondoe na khofu nyingine iliyo kinyume chake. Baadhi ya wazee wetu husema maua chumbani hunyonya pumzi ya mtu aliyelala. Ni kweli kwamba mche huvuta oksijeni usiku, lakini ni kidogo mno. Ndugu yako anayelala nawe chumba kimoja huvuta nyingi kuliko vyungu vyote vya dirishani, na hakuna aliyewahi kumtoa ndugu yake nje kwa sababu hiyo. Maua hayamuui mtu usiku, wala hayamwokoi.

HABARI YENYEWE ILIKOTOKA

Mwaka 1989 shirika la anga la Marekani, NASA, lilitoa ripoti ya utafiti ulioongozwa na mwanasayansi Bill Wolverton katika kituo chao cha Stennis, jimbo la Mississippi. Walikuwa na shida ya haki kabisa. Chombo cha anga hakina dirisha la kufungua, na vifaa vilivyomo ndani, gundi, plastiki na rangi, hutoa kemikali zinazobaki humo humo. Basi walichukua miche ya vyunguni, mmoja mmoja, wakauweka katika kisanduku kilichozibwa pande zote, wakaingiza kiasi maalumu cha kemikali, kisha wakapima baada ya saa 24. Kemikali walizozipima zilikuwa benzini, formaldihaidi na trikloroethilini. Walikuta kiasi kimepungua, na wakaona kwamba udongo na mizizi, pamoja na vijidudu vinavyoishi humo, vina sehemu kubwa katika kazi hiyo.

Utafiti ule haukuwa uongo. Tatizo ni jinsi habari ilivyosafiri. Kisanduku kilichozibwa kikageuka kuwa chumba cha kulala, kemikali tatu zikageuka kuwa uchafu wote wa hewa, na saa 24 zikasahauliwa. Magazeti yakaandika, wauza maua wakafurahi, na sisi waalimu tukasomesha.

Mwaka 2019 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Drexel kilichopo Philadelphia, Bryan Cummings na Michael Waring, walizikusanya tafiti 12 za namna hii zilizokwisha kuchapishwa, zenye matokeo ya majaribio 196, wakayafanyia hesabu ili kujua maana yake katika nyumba ya kawaida ambayo hewa huingia na kutoka. Walikuta kwamba ili mimea ifanye kazi sawa na ile hewa inayopita yenyewe katika jengo, ingetakiwa baina ya miche 10 na miche 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu.

Tufanye hesabu, kwani hesabu ndiyo inayomaliza ubishi. Chumba cha mita 3 kwa mita 4 kina mita 12 za mraba. Kwa kiwango kile cha chini kabisa tunahitaji vyungu 120. Kwa kiwango cha juu ni vyungu 12,000. Mtalala wapi? Na yule mama alikuwa na sita.

Tena hapo tunazungumzia kemikali zinazotoka polepole katika rangi na gundi za mbao. Jiko la mkaa si kitu kilichoingizwa mara moja kisha kikangojewa kipungue. Kila dakika linaongeza.

ADUI ASIYEONEKANA

Mkaa unapoungua mahali penye hewa ya kutosha hutoa zaidi kaboni dayoksaidi. Hewa ikiwa haba, hutoa kwa wingi hewa nyingine iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi wala harufu, wala haikereketi koo. Moshi wa kuni unawasha macho na mtu hukimbia mwenyewe, na hiyo ni rehema. Makaa yaliyoshika vizuri, mekundu, yasiyo na moshi, ndiyo yanayodanganya, kwa sababu mtu huona yametulia akayaingiza ndani. Hata yakifunikwa na majivu bado yanatoa.

Ikiingia mapafuni, kaboni monoksaidi hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inazunguka kama kawaida, lakini imebeba mzigo mwingine, na ubongo na moyo vinakosa oksijeni. Mtu huanza kwa kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kukosa nguvu. Aliye macho huenda akatoka nje. Aliyelala huzidi kuzama usingizini, na wako waliolala hivyo wasiamke. Mama mjamzito yumo hatarini zaidi, kwani mtoto aliye tumboni huathirika hata pale mama anapojiona hajambo.

Wazee wetu, tunakuombeni mkishike hiki. Kuumwa kichwa katika Ramadhani tunasema ni saumu. Kutapika wakati wa mvua tunasema ni malaria. Watu wa nyumba nzima wakiamka wanayumba, hakosekani wa kusema nyumba ile ina mashetani. Ikiwa zaidi ya mtu mmoja katika nyumba wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, ulizeni kwanza moto ulilala wapi. Fungueni milango, watoeni watu nje, kisha muwapeleke hospitali hata kama wanasema wamepoa. Maziwa hayaitoi hewa hii katika damu. Dawa yake ni oksijeni. Kwa hewa ya kawaida damu huchukua saa kama 4 au 5 kupunguza nusu tu ya sumu hiyo, na kwa oksijeni safi inayotolewa hospitali ni saa moja na zaidi kidogo.

Sisi Waislamu tulikuwa na mafunzo ya jambo hili kabla ya kujua jina la hewa hiyo. Amesimulia Abu Musa (R.A.), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wamo ndani. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa habari yao aliwafahamisha Masahaba kwamba moto ni adui yao, na akawaamrisha wauzime wanapotaka kulala. Na katika hadithi ya Jabir (R.A.) imekuja amri ya kuzima taa usiku, kwa kuwa panya huweza kuuburura utambi akawaunguza watu wa nyumba.

Mwanafunzi mmoja wa darasa la juu alituuliza, "Mbona tumeamrishwa pia tufunge milango usiku? Tukifunga si ndiyo hewa inakosekana?" Swali zuri. Kufunga mlango na kuzima moto ni amri zilizokuja pamoja katika hadithi hiyo hiyo ya Jabir. Nyumba iliyofungwa mlango na moto umezimwa haina kaboni monoksaidi. Sisi tumeishika ya mlango kwa sababu ya wezi, na ya moto tumeiacha kwa sababu ya maharage.

Madhara ya moto wa jikoni si ya usiku mmoja peke yake. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, inayotokana na kupikia kwa kuni, mkaa, mafuta ya taa na mfano wa hivyo, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wasiotimia miaka mitano. Wanaovuta moshi huo zaidi ni mama zetu, na mtoto anayebebwa mgongoni wakati chakula kinapikwa.

Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, na lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanaitumia. Aliyejaaliwa jiko la gesi au la umeme ashukuru na alitumie. Lakini hatutaki kumsomesha mtu kana kwamba mtungi wa gesi unaokotwa njiani. Asiyeweza, basi mkaa wake aupikie uani, au upenuni wakati wa mvua, palipo wazi pande mbili. Maharage ya daku yachemshwe mapema, jioni, kisha sufuria itolewe motoni ingali inachemka na ifungwe vizuri ndani ya kikapu kilichojazwa matambara na mablanketi ya zamani. Yataendelea kuiva humo bila ya moto. Wakati wa daku yachemshwe tena uani kabla ya kuliwa. Yule mama ndivyo afanyavyo sasa, na anatwambia hata mkaa unambakia.

DIRISHA

Tabibu wetu mashuhuri Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake cha Qanun aliieleza hewa njema kuwa ni ile isiyochanganyika na moshi wala mvuke, iliyo wazi chini ya mbingu, isiyofungiwa baina ya kuta na dari. Hakutaja chungu cha maua. Alitaja uwazi.

Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali za mji wa Lima, nchini Peru, ambako watafiti walikuwa wakitafuta njia ya kuzuia kifua kikuu kisienee wodini. Walipima hewa ya chumba hubadilika mara ngapi kwa saa. Katika vyumba vyenye mashine za kuingiza na kutoa hewa ilikadiriwa kubadilika mara 12. Katika vyumba vya kawaida ambavyo milango na madirisha yake yamefunguliwa, ilibadilika mara 28. Na katika majengo ya zamani, yenye dari ndefu na madirisha makubwa, ilifika mara 40, wakati majengo mapya yalipata 17.

Tuliposoma hayo tulikumbuka nyumba za Mji Mkongwe, dari zake zilivyo ndefu na uwanja wake wa ndani ulivyo wazi juu, hewa ya moto ikipanda na kutoka. Mafundi wale walijua kazi yao. Siku hizi tunajenga vyumba vidogo, tunatia dirisha la alumini la kusukuma ambalo hata ukilifungua lote hufunguka nusu tu, kisha tunalifunika kwa pazia zito, kisha tunanunua ua ili litusafishie hewa! Hatusemi nyumba zibomolewe. Tunasema anayejenga leo aweke madirisha katika kuta mbili zinazotazamana au zinazokaribiana, na aache matundu juu karibu na dari, ayatie wavu wa kuzuia mbu.

Mbu ndiyo hoja kubwa ya wanaofunga madirisha, na hoja hiyo tunaikubali. Lakini angalieni dawa ya mbu ile ya kuchoma, iliyozungushwa kama konokono. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kipande kimoja kikiungua mpaka mwisho hutoa chembe laini za moshi sawa na sigara baina ya 75 na 137. Mtu ambaye hamruhusu mgeni avute sigara moja ukumbini kwake anaiwasha chumbani kwa watoto na mlango ameufunga. Chandarua kilichotiwa dawa ni bora kuliko moshi, na dirisha lenye wavu ni bora kuliko dirisha lililofungwa.

Na udi? Tunajua mtatuuliza. Manukato yanapendeza katika dini yetu, na hatuwezi kuwaambia watu wa pwani waache kufukiza. Lakini chetezo nacho ni kaa la moto, na moshi wa udi na ubani, kwa uzuri wote wa harufu yake, una chembe laini zinazoingia mapafuni kama moshi mwingine. Fukizeni na dirisha likiwa wazi, chetezo kitolewe nje kazi ikiisha, na mwenye pumu katika nyumba asifungiwe nacho. Nguo na ukumbi vitanukia vile vile.

NA MAUA JE?

Yabaki. Tusije tukatoka katika kosa moja tukaingia la pili. Ua zuri dirishani ni neema ya Mwenyezi Mungu, linapumzisha macho, na mtoto anayepewa chungu chake akimwagilie hujifunza kutunza kitu chenye uhai. Liko hata moja ambalo asili yake ni huku kwetu. Ni lile lenye majani mazito yanayong'aa, liitwalo kitaalamu Zamioculcas zamiifolia. Linamea lenyewe porini Afrika ya Mashariki, Zanzibar ikiwemo, na ng'ambo watu hulinunua kwa jina la Zanzibar. Linastahimili kivuli na kusahauliwa kutiwa maji, kwa hiyo ni ua la watu wenye shughuli nyingi.

Ila tuyaweke kwa akili. Visahani vinavyowekwa chini ya vyungu vikituama maji huzalisha yule mbu mwenye madoa meupe anayeuma mchana na kueneza homa ya dengi. Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa hiyo mwaka 2014 na mwaka 2019. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, kwa kuwa mayai yake hugandana na ukingo wa chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi, kisha yakaanguliwa yakipata maji. Kila wiki visahani visuguliwe kwa brashi, au vitiwe mchanga mpaka juu. Ajabu iliyoje mtu kuleta ua kwa ajili ya afya akaleta na dengi ndani ya kisahani chake!

Jambo la pili ni utomvu. Ua lile lenye majani mapana ya kijani yenye mabaka meupe, liitwalo difenbakia, likitafunwa na mtoto huunguza na kuvimbisha ulimi na koo. Hata lile la Zanzibar tulilolisifu utomvu wake unawasha. Yawekwe mahali mtoto anayetambaa hafiki. Na katika chumba chenye unyevu, ambacho ukuta wake tayari una kuvu, vyungu vingi vinavyomwagiliwa kila siku huongeza unyevu huo, na kuvu ni adui wa mwenye pumu. Huko visiwekwe.

Mche unaobadilisha maisha ya nyumba hasa ni ule wa nje. Mti uliopandwa upande wa magharibi huzuia jua la alasiri lisipige ukuta, na chumba kikapoa, na watu wakaweza kukaa humo madirisha yakiwa wazi. Ua wa mimea ulio baina ya nyumba na barabara ya vumbi hukamata sehemu ya vumbi hilo kabla halijaingia ndani. Pandeni mrehani na asumini karibu na dirisha ili upepo uingie na harufu yake. Na aliye na nafasi apande muembe au mstafeli, kwani Anas (R.A.) amepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.), katika Bukhari na Muslim, kwamba anachokula ndege, mtu au mnyama katika alichopanda Muislamu huandikiwa mpandaji sadaka. Hiyo ni ahadi isiyohitaji kuongezewa chumvi na sisi.

KAZI YA KUFANYA NYUMBANI

Kazi ya kwanza ni ya wote. Chukueni gilasi tatu za kioo mzijaze maji. Mbili mtie majani mabichi ya aina moja, yazame kabisa, na ya tatu ibaki na maji matupu. Gilasi moja yenye majani iwekwe juani pamoja na ile ya maji matupu, na nyengine yenye majani ifunikwe kwa ndoo isipate mwanga. Baada ya saa moja hesabuni viputo vilivyoshika kwenye majani na kwenye kioo. Mtaona hata maji matupu yana viputo, kwa kuwa yamepashwa na jua. Elezeni kwa maneno yenu kwa nini tumeiweka gilasi hiyo ya tatu, na kwa nini bila yake tungeweza kujidanganya.

Kazi ya pili ifanywe na mzazi au ndugu mkubwa akiwepo. Washeni kijiti kimoja cha udi ndani ya chumba kilichofungwa, kikishakuwa na moshi kizimeni, kisha hesabuni dakika mpaka moshi uondoke machoni. Siku ya pili fanyeni vile vile na dirisha likiwa wazi, na siku ya tatu na dirisha na mlango vikiwa wazi pamoja. Mwenye maua chumbani ayaache mahali pake siku zote tatu. Kabla ya kukizima, kisogezeni kijiti karibu na dirisha mtazame moshi unaelekea wapi, ndani au nje, mwandike.

Andikeni hesabu zenu katika daftari la sayansi, mchore na ramani ya nyumba ikionyesha madirisha, milango na mahali jiko linapolala. Madaftari yaletwe Jumamosi ya mwanzo baada ya likizo. Atakayeona katika ramani yake kwamba jiko linalala ndani, awaonyeshe wazazi wake siku hiyo hiyo kwa adabu, na awasomee ukurasa huu.